SOMO: Kijana Anaposema "Mimi Mzima"

Watafiti wa afya wana swali moja fupi: afya yako ni nzuri sana, nzuri, ya wastani au mbaya? Utafiti wa HBSC huwauliza vijana wa miaka 11, 13 na 15, hasa Ulaya na Amerika Kaskazini. Swali ni jepesi, jibu ni zito. Mwaka 1997 Ellen Idler na Yael Benyamini walipitia tafiti 27 za watu wazima. Katika nyingi, aliyejiona ana afya mbaya alikuwa karibu zaidi na kifo, hata maradhi yake yalipohesabiwa.

Pengo la kipato linaingiaje? Mwaka 2015 Frank Elgar na wenzake walichapisha uchambuzi wa majibu ya vijana karibu 500,000 wa nchi 34. Palipokuwa na pengo kubwa, vijana walilalamikia zaidi maumivu ya mwili na dhiki ya moyo, hata utajiri wa nchi ulipozingatiwa.

Sasa tuje kwetu, Bandari ya Juba. Mabozi huchota maji ya Nile na kuyauza mitaani. Mwenye pesa hununua ya kutosha na kuyachemsha. Asiye nazo hushuka mtoni na jerikeni. Kipindupindu kiliingia Juba mwaka 2014, kikarudi 2015 na 2016. Mto ni mmoja, hatari si moja.

Lakini tahadhari. Mwaka 2002 Amartya Sen alionyesha kwamba watu wa Kerala, wanaoishi muda mrefu kuliko Wahindi wengine, hutaja maradhi mengi kuliko watu wa Bihar, jimbo maskini. Aliyesoma na mwenye zahanati karibu huutambua ugonjwa. Asiye navyo huuona ni hali ya kawaida. Basi kijana anayepakua mashua huku homa ikimrudia mara kwa mara anaweza kujibu "mimi mzima", kwa kuwa wenzake wote wako hivyo. Umaskini humuumiza, kisha humzoesha maumivu.

Kwa hiyo, kabla Jumuiya haijapanga sadaka yake, tusitosheke na jibu la kwanza. Tuulize pia: mwezi huu umelala siku ngapi kwa ugonjwa? Maji ya kunywa mnayatoa wapi? Ulipougua mara ya mwisho, ulitibiwa wapi?

Maswali ya mjadala
1. Wewe hupima afya yako kwa kujilinganisha na nani?
2. Ni maradhi gani mtaani kwenu yamezoeleka hata hayaitwi tena maradhi?