Manjanja ya nyumba yako inakupatia maji kiasi gani?

Mvua ikinyesha hapa Bukavu munaweka sufuria chini ya manjanja. Zinajaa mara moja, na maji mengine yote yanakimbia bondeni. Kiisha mwezi wa 7 unafika, mtoto anakunywa maji ya kijito, anahara, na siku ya kupima tunamukuta amekonda. Ni maji kiasi gani yalikimbia? Tuhesabu pamoja.

Pima nyumba yako chini, kwa udongo, toka pale maji yanadondoka upande huu hata pale yanadondoka upande ule. Hapana haja ya kupanda juu: hata kama manjanja imeinama sana, mvua inayoipata ni ile ile. Hatua moja kubwa ni karibu metri 1. Tuseme nyumba ina metri 6 kwa 5. Mara 5 inakuwa 30.

Sasa weka kopo lenye mdomo na kitako sawasawa mahali wazi, mbali na miti. Mvua ikiisha, chukua kipimo cha mwana shule, pima maji ndani. Milimetri 1 inatoa litri 1 kwa kila metri moja ya mraba. Ukikuta milimetri 10, basi 30 mara 10 ni litri 300. Toa sehemu moja ya tano, kwa sababu maji mengine yanaruka na kupotea. Zinabaki litri 240, ndiyo bidoni 12 za litri 20. Kwa mvua moja tu! Lakini kama mufereji uko upande mmoja tu wa nyumba, hesabu nusu: bidoni 6.

Mama mumoja atasema, «Basi maji yatatosha.» Ngoja kwanza. Watu 6, kila mutu litri 5 kwa siku za kunywa na kupika, ni litri 30. Siku 60 bila mvua ni litri 1800, ni kusema mapipa 9 ya litri 200. Pipa moja linaisha kwa siku ya 7. Manjanja haina shida. Shida iko kwa pa kuweka. Ndiyo maana tunaomba baba wa nyumba naye asome hesabu hii mbele ya kununua kitu kingine.

Maji ya kwanza yaache yapite, yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Pipa lifunikwe vizuri, mbu wasizalie humo. Maji ya kunywa, chemsha mpaka yatokote.

Wamama wanaokaa karibu na Nyiragongo, kwenu ni ingine. Moshi wa volkano unaingia katika maji ya mvua na unaweza kuharibu meno ya watoto, na kuchemsha hakuondoi ubaya ule. Yale fulieni nguo, na kwa maji ya kunywa ulizeni muuguzi wenu.