Gemu nyumbani: anza na LUKU

Ukitaka kununua mashine ya gemu hapa Engutoto, Arusha, watu wawili watakuwahi kwa ushauri. Mwenye PlayStation atakwambia PC ni kilio: leo kadi ya grafiki, kesho RAM, keshokutwa pawa saplai. Mwenye PC atakwambia konsoli ni boksi lililofungwa, ikipitwa na wakati huna la kuifanya. Wote wana hoja, ila wote wanaongelea mashine tu. Hakuna anayegusa mita yako, bando lako wala fundi wako, na huko ndiko hela inakopotelea.

Tuanze na mita. Nyumba nyingi zenye matumizi madogo ziko kundi la D1 la TANESCO: uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na ukivuka hapo kila uniti ya ziada inaruka hadi shilingi 350. PlayStation 4 Slim ikiwa ndani ya gemu hula wati 80 hivi. Cheza saa 4 kila siku, kwa mwezi ni uniti 10 hivi. PlayStation 5 hula karibu wati 200, yaani uniti 24. PC ya mezani yenye kadi kama RTX 3060, ukiihesabu pamoja na kioo chake, hufika wati 300, na hapo ni uniti 36. Sasa chukua nyumba inayotumia uniti 50 kwa taa, friji ndogo na TV. PS4 inaipandisha hadi 60. PS5 inaifikisha 74, ukingoni kabisa. PC inaipeleka 86, na uniti 11 za mwisho unazilipa mara tatu na nusu. Ukizoea kuvuka, unaweza kuhamishiwa T1, ambako hata uniti ya kwanza bei yake ni karibu mara tatu ya ile ya D1. Kama nyumba yenu tayari iko T1, tofauti hizi zinabaki, ila hakuna tena mpaka wa kuogopa.

Umepanga, na mita ni moja kwa vyumba vinne? Kaa na wenzako kabla hujaleta PC ndani. Wapangaji husameheana pasi na jagi la umeme. Feni inayovuma hadi saa saba usiku, na mwanga unaochezacheza dirishani, ni ushahidi tosha siku ya kuchangia LUKU.

Halafu kuna kukatika kwenyewe. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024 na mgao ule mzito ukapungua, lakini hitilafu za laini zipo palepale, na ujirani wetu na kituo cha kupozea umeme cha Njiro haujatuletea upendeleo wowote. Kinachounguza mashine mara nyingi ni umeme kurudi: friji za mtaa mzima zinaamka kwa pamoja na volti zinayumba. Ukikatika, chomoa plagi ukutani. Ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke. Ukinunua UPS, soma wati zake, achana na ile namba kubwa ya VA iliyoandikwa mbele ya boksi. UPS ya VA 650 kwa kawaida hutoa wati 360 hadi 390, tena kwa dakika chache tu. Kwa PS4 na TV hizo zinatosha kusevu na kuzima kwa utulivu. PC yenye kadi kubwa itaielemea.

Na kama mashine imeletwa na ndugu kutoka Marekani, igeuze usome maandishi ya nyuma kabla ya kuichomeka. PS4 na PS5 zinakubali volti 100 hadi 240. Xbox 360 inategemea adapta yake ya nje, na adapta ya Marekani haikusudiwi umeme wetu. Pawa saplai za PC za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Ikiwa imelala upande wa 115, utasikia mlio mmoja tu.

Sasa PC, maana hapa ndipo mzigo wa kuboresha ulipo.

Chalii wa Arusha mara nyingi huanza na mtumba wa ofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, zimefanya kazi kwenye ofisi za watu bila kulalamika, na bei yake inavutia. Shida inaanza pale unapotaka kuifanya ya gemu. Zile nyembamba zinazolala chini ya kioo hazipokei kadi ya kawaida, kwa sababu kasha ni fupi. Pawa saplai yake mara nyingi haizidi wati 260, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Unasema basi nitabadilisha pawa saplai. Unakuta plagi ya mazabodi si ile ya kawaida, na kasha lenyewe halipokei umbo jingine. Unabadilisha kasha, mazabodi nayo haikai sawasawa kwenye kasha jipya. Hapo kadi moja uliyoitaka imekulazimisha kununua PC nzima vipande vipande, tena kwa bei ya rejareja.

Kwa hiyo ukinunua ya ofisini, chagua ile ya kusimama, ndefu, na uridhike na kadi inayokula wati 75 zinazotoka kwenye mazabodi yenyewe: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, au GTX 1650 ya 2019 isiyo na tundu la waya wa ziada. Yenye GTX 1650 itacheza mpira, GTA V na gemu nyingi za miaka ya PS4 bila aibu. Ukitaka zaidi ya hapo, usiisukume mashine hiyo. Iuze ikiwa nzima.

Angalia pia namba ya prosesa. Kwenye Intel yenye namba ya tarakimu nne, tarakimu ya kwanza baada ya alama ya i5 ndiyo kizazi: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8. Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0. Wapo mafundi wanaoilazimisha ikakaa kwenye mashine ya zamani, ila gemu kama Valorant, ukiicheza kwenye Windows 11, huikagua TPM na kukufungia mlango. Kompyuta nyingi za bei rahisi zinazosukumwa sokoni sasa ni za kizazi cha 6 na cha 7. Sababu ndiyo hiyo.

Njia yenye maumivu machache ni kuunda PC kwenye soketi ambayo ina ngazi za kupanda. AM4 ya AMD imenishawishi kuliko zote kwa mfuko wa Mtanzania. Imeanza zamani, na mazabodi ya B450 ya mwaka 2018, ikipewa BIOS mpya, inapokea Ryzen 5 5600 iliyokuja miaka kadhaa baadaye. Anza na Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki ndani yake, bila kadi kabisa. Weka RAM vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu grafiki ya ndani inaishi kwa kasi ya RAM na kipande kimoja kinaibana. Weka SSD. Kisha, hapa watu hubania wakajuta, weka pawa saplai nzuri ya wati 550 tangu siku ya kwanza. Miezi ikipita na hela ikipatikana, kadi inaingia bila kitu kingine kuguswa. RAM usiiahirishe: tangu mwishoni mwa 2025 bei yake imeruka dunia nzima, viwanda vya chipu vikikimbilia vituo vya akili mnemba.

Kabla hujanunua kifaa chochote cha kuboresha, jua kwanza kinachokubana. Fungua gemu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tazama ukurasa wa utendaji. Kadi ikiwa asilimia 99 na prosesa imepumzika, kadi ndiyo inayohema. Prosesa ikiwa juu kabisa na kadi iko nusu, kadi mpya itakupa picha ileile na deni. Na mara nyingi dawa iko ndani ya gemu yenyewe: shusha vivuli, shusha ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 900, washa FSR kama ipo. Ni bure.

Kadi ya mtumba ijaribiwe mbele yako. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikikoroma usiku na mchana ziliingia sokoni, na si zote mbovu, ila feni zake zimechoka. Mwambie fundi aendeshe FurMark robo saa, uone joto na usikilize feni. Fungua pia GPU-Z: kuna kadi za kale zilizobadilishwa BIOS zikajiita GTX 1050 Ti, na programu hiyo huwa inazifichua.

Konsoli nayo ina mzigo wake wa kuboresha, ila unakuja kwa mkupuo, kila kizazi kikibadilika. PS4 ilitoka Novemba 2013, na EA Sports FC 26 ya Septemba 2025 bado imetolewa kwa ajili yake. Miaka karibu 12, boksi lilelile, bila kugusa hata skrubu. Hakuna PC ya 2013 inayoweza kusema hivyo bila kubadilishwa matumbo. Upande wa pili, GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series pekee. Anayeisubiri hiyo asinunue PS4 leo, na asinunue PC kwa ajili yake.

Zamani ushauri ulikuwa rahisi: subiri konsoli ishuke bei. PS2 ilianza Marekani kwa dola 299 mwaka 2000, na kufikia 2009 ilikuwa dola 99. PS5 yenye CD ilianza kwa dola 499 mwaka 2020. Agosti 2025 ikapandishwa hadi 549. Kusubiri sasa kunaweza kukugharimu.

Ukinunua konsoli hapa, chukua yenye tundu la CD. Gemu kubwa ya kupakua ni GB 50, nyingine zinavuka 100, na ukilipa kwa bando la simu utakuwa umeinunua mara mbili. CD unaweza kuiuza ukishaichoka, au kubadilishana na jirani. Inaweza kudai nyongeza za mtandaoni, lakini mzigo mkubwa umeshaletwa na CD. PS5 Slim inaruhusu kuongeza kisoma CD baadaye. Kumbuka tu kwamba siku ya kukifunga inahitaji intaneti kukitambua.

Akaunti ni habari nyingine. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, kwa hiyo watu hufungua akaunti ya nchi nyingine na kununua kadi za malipo za nchi hiyo hiyo. Inafanya kazi, ila jua umekaa kwa watu. Hata PC haijanusurika: Mei 2024 Sony walitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye Steam waunganishe akaunti ya PSN, wakabadili nia baada ya kelele, lakini gemu ikawa imeondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo.

PS4 ya mtumba iwashwe dukani nusu saa nzima. Ikianza kuunguruma kama inataka kuruka, vumbi limejaa au gundi ya joto imekauka. Fundi anasafisha, na hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei. Sukuma vijiti vya padi kisha uviachie, uone kama mchezaji anatembea mwenyewe. Uliza kama mfumo wake umefunguliwa ili ucheze gemu za kunakili. Iliyofunguliwa inakufungia njia ya kucheza mtandaoni, na siku mtu akiisasisha bila kujua, zile gemu zinagoma. Diski ngumu ya ndani inaweza kubadilishwa kwa SSD ya inchi 2.5, na hilo ndilo boresho pekee la PS4 ninalolipendekeza.

Nani achukue nini, basi? Kama mnacheza mpira Jumamosi na watoto wa jirani, PS4 Slim na padi mbili zimemaliza kazi. PC inastahili hela yake pale inapoingiza kitu mchana: unahariri picha na video za kampuni za safari, unasoma uhandisi, unachora ramani za nyumba. Hapo kadi ya gemu ya usiku ndiyo hiyo hiyo inayoharakisha video ya mteja asubuhi, na kuboresha kunajilipia. PC ya kuchezea tu, kwenye nyumba ya D1, sioni sababu yake.

Ukiiweka mashine nyumbani, iinue kutoka sakafuni. Vumbi letu la kiangazi ni jepesi na linapenda feni. Nguo ya kuifunika ni ya wakati imezimwa, na iwe imepoa kwanza.

Ukiagiza Nairobi kwa sababu umeona bei nzuri, piga hesabu ya Namanga kabla ya kutuma hela. Risiti ya Kenya peke yake haikuondolei ushuru wa kifaa kilichotengenezwa China. Waulize TRA mapema. Uliza pia dhamana inafanya kazi wapi, kwa sababu kadi ikifa mwezi wa pili, nauli ya kuirudisha ni yako. Kununua mjini kunaweza kuwa ghali kidogo, lakini muuzaji unamfuata kwa daladala. Mwambie aandike serial namba ya kiwandani ya kila kifaa kwenye risiti, pamoja na muda wa dhamana, na akubali kwa maandishi kwamba ukikirudisha ndani ya muda huo atakupa kingine, asikwambie uende kwa fundi.