Jiko Lilale Nje
Kijitabu cha kupanga siku nyumbani wakati wa baridi, kwa kaya za Njombe, Makete na kote kwenye baridi kali

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha mama aliyejifungua juzi, mzee asiyetoka, watoto wa likizo ya Juni, na yeyote ambaye kipupwe kimemfungia ndani. Kuanzia Juni hadi Agosti huku kwetu siku huisha hivi hivi: kuota moto, kunywa chai, kuota moto tena, kulala. Inawezekana kuipanga vizuri zaidi, na kurasa hizi zinaonyesha namna. Lakini ningepewa karatasi moja tu, ningeandika maneno matatu na kuishia hapo: jiko lilale nje.

Asiyejua kusoma asomewe.

Alfajiri

Fungua madirisha, hata kama ukungu umetanda. Chumba kilicholaliwa na watu watano au sita kinahitaji hewa mpya kabla ya kitu kingine chochote. Hii ni muhimu zaidi kwenye nyumba yenye mtu anayekohoa. Aliyekohoa wiki 2 asiendelee kunywa tangawizi. Aende akapimwe kifua kikuu.

Mwenye dawa za presha au kisukari azimeze saa ile ile kila siku. Presha hupanda bila kuuma popote, kwa hiyo kujisikia vizuri si ruhusa ya kuacha dawa.

Kuwasha jiko

Liwashie nje. Nje ni uani, si kwenye korido na si mlangoni upepo ukielekea ndani. Ukipikia jikoni, acha mlango na dirisha wazi muda wote. Mtoto anayetambaa asiachwe karibu na jiko wala sufuria ya uji, hata kwa muda wa kwenda kuchota maji.

Maji

Maji ya kunywa yachemke. Yakianza kutokota kwa mapovu makubwa, yaache dakika 3, kwa sababu huku milimani maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Yapoe humo humo kwenye chombo chenye mfuniko.

Kunawa mikono kwa sabuni: ukitoka chooni, ukimsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kunyonyesha. Maji ni ya baridi, najua. Changanya na ya moto kidogo.

Mchana

Toka juani. Jua la saa nne asubuhi ni la bure, na ndilo la kuota badala ya jiko. Anika blanketi na magodoro. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka au kazi ya mwili kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kulima bustani ya mboga kunahesabika. Kuchota maji kunahesabika. Kukaa kwenye kigoda kuchambua maharage hakuhesabiki, ila ni kazi nzuri, na kufuma sweta ni nzuri zaidi kwa sababu tutaihitaji usiku. Watoto wacheze nje saa nzima au zaidi kila siku. Wakirudi na matope, wafue wenyewe.

Mzee asikae peke yake kutwa. Apewe kazi ndogo: kumenya njegere, kumsikiliza mjukuu akisoma.

Chakula

Viazi peke yake si mlo. Weka maharage au njegere, mboga za majani, na parachichi ambalo huku halina bei. Chumvi ya mtu mmoja kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuwekwa chunguni.

Mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu.

Jioni: hapa nisikilizeni

Nikiitwa kwenye nyumba ambayo watu hawakuamka, mambo ninayoyakuta ni yale yale. Dirisha limezibwa kwa gunia. Kitenge kimesokomezwa chini ya mlango. Jiko liko katikati ya vitanda, lina majivu meupe, na mkaa wote umekwisha. Ndugu wananiambia, "Lakini lilikuwa halitoi moshi."

Ndiyo, halikutoa moshi. Kinachoua ni hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, na hewa hiyo haina moshi, haina harufu, haionekani. Haimwamshi mtu. Inampa usingizi mzito zaidi.

Jiko lilale nje.

Mnaniuliza maswali haya kila kipupwe, na majibu hayabadiliki:

Mkaa ukishakuwa mwekundu kabisa je? Bado unatoa sumu. Tukiufunika kwa majivu? Unaendelea kuwaka taratibu usiku kucha, na sumu inatoka usiku kucha. Tukiweka beseni la maji kando yake? Maji hayavuti sumu hiyo, aliyewaambia amewadanganya. Tukiacha dirisha wazi kidogo? Hapana, na saa nane za usiku baridi ikizidi, mtu ataamka alifunge. Tukiliingiza nusu saa tu, kisha tulitoe? Atakayelitoa ni nani, ikiwa wote wamesinzia? Hasa baba aliyetoka kunywa komoni.

Jiko litaibiwa? Basi fanya hivi. Mwaga makaa chini uani, yamwagie maji ukisimama pembeni mvuke usikuunguze. Mkaa uliolowa uanike kesho, utawaka tena. Jiko likiwa tupu, limepoa na halina kaa hata moja, liingize. Jiko la namna hiyo halina ugomvi na mtu. Lenye kaa hata moja jekundu, lilale nje.

Jenereta nayo ikae nje, mbali na dirisha. Na kuni ni vile vile, hata zikibaki makaa tu.

Mama aliyejifungua

Hapa ndipo ninapopata hasira, maana anayeliingiza jiko anafanya kwa upendo. Bibi amekuja kumtunza mzazi, chumba kina baridi, kichanga kina siku tatu, na desturi inasema mzazi apashwe joto. Bibi, shikamoo. Joto ni lazima, kweli. Jiko si lazima.

Mlaze mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amevaa kofia, soksi na nepi, kisha wafungeni wote wawili kwa kitenge na blanketi juu. Mama avae sweta na soksi, anywe uji wa moto. Chupa ya maji ya moto ifungwe vizuri, izungushiwe kitambaa kinene, iwekwe kitandani kabla hawajalala, iondolewe mtoto akilazwa ili isimuunguze. Usiku, mama asilale fofofo na mtoto kifuani. Akisikia usingizi umpokee wewe bibi, au mtoto alazwe chali, uso ukiwa wazi.

Mjamzito vilevile asiote jiko kwenye chumba kilichofungwa. Sumu hii humdhuru mtoto tumboni hata pale mama anapojisikia mzima.

Kulala

Mtu mzima alale kwa muda wa saa 7 au 8. Simu iwekwe mbali.

Na jiko? Nje.

Dalili

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuishiwa nguvu. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, msikimbilie duka la dawa kununua dawa mseto ya malaria. Tokeni nje wote, kisha nendeni kituo cha afya.

Ukikuta watu hawaamki

Piga kelele majirani waje. Fungua mlango na madirisha yote, vunja ikibidi. Usikae ndani kuwaamsha, utaanguka nawe. Wavute watu nje kwanza, jiko baadaye. Anayepumua alazwe ubavu. Usimpe maziwa, usimpe maji, usimmwagie maji. Maziwa hayaondoi sumu hii, na asiye na fahamu atapaliwa. Tafuta gari au bodaboda sasa hivi, mpeleke penye oksijeni. Zimamoto ni 114, bure.

Wote waliolala chumba hicho waende, hata anayesema yuko sawa. Mkifika, jambo la kwanza kumwambia mhudumu ni hili: tulilala na jiko la mkaa. Watu huona aibu wakalificha, mgonjwa akapimwa malaria kwanza na dakika zikapotea.