Kipimo Kinenapo Ovyo

Chama chetu cha sayansi hupima maji ya tangi la bweni kwa Arduino Uno, ili pampu iwashwe kabla maji hayajatuishia. Muhula huu kompyuta ilionyesha vialama visivyosomeka mahali pa tarakimu, na wengine wakataka kipimo kitupwe. Kumbe sababu ilikuwa mwendo. Uno ilipeleka biti 9600 kwa sekunde, nayo kompyuta ikasoma kwa 115200. Hivyo biti moja ilidumu muda wa biti 12. Tulipoiwekea kompyuta 9600, tarakimu zikaonekana.

Lakini ukitazamia 65 ukapata A, mwendo ni sawa. Nambari imepelekwa kama herufi, kwani katika ASCII 65 ndiyo A. Basi, chombo kisitupwe kabla dalili zake hazijachunguzwa.