Mbwa akipofuka: tusikamate uamuzi haraka



Mara nyingi somo letu linahusu mbuzi, kuku, muhogo na mahindi. Leo tunazungumuza juu ya mbwa. Katika vikundi vya Bonde la Ruzizi, kutoka Uvira kuelekea Luvungi, swali moja limerudia tena na tena: mbwa wetu wa kulinda amepofuka, tumufanye nini? Kuna wanaocheka wakisikia swali hilo katika mukutano wa wakulima. Lakini mutu mwenye kulala pembeni ya magunia ya mupunga ya wanamemba wote hacheki. Anajua kama mbwa ndiye wa kwanza kusikia mwizi, na kama kumuzoesha mbwa mwengine ni kazi ya miezi mingi.

Tuseme wazi: sisi ni waagronome, hatukusomea udaktari wa wanyama. Haya tunayoandika ni ya kumusaidia mukulima aangalie vizuri na aulize mapema. Dawa na sindano ni za veterineri.

Kosa letu sisi wenyewe

Miaka ya nyuma tulifika kwa depo moja ya mahindi. Mbwa wa pale, mzee wa miaka karibu kumi, alikuwa ameanza kugonga kichwa kwa magunia na kwa milango. Macho yote mawili yalikuwa meupe kama maziwa. Komite ikatuuliza mawazo. Tulimuangalia dakika mbili, tukajibu: mutafute mbwa kijana, huyu mumuondoe. Komite ikakubali, kwa sababu agronome amesema.

Mulinzi, baba mumoja mwenye umri, hakubishana. Alituambia tu: "Agronome, kwanza mukuje usiku." Tulirudia saa mbili za usiku, bila tochi. Hatujafika hata kwa lupango, mbwa alikuwa amesimama, masikio juu, pua inaelekea upande wetu kabisa, anabweka. Mulinzi akacheka: "Macho ni kazi ya muchana. Na muchana mimi niko." Yule mbwa alilinda depo mavuno mengine mawili. Sisi tuliondoka na haya yetu.

Kosa letu lilikuwa nini? Tulimupima mbwa kama vile tunavyojipima sisi. Mutu akipoteza macho, anapoteza njia yake kubwa ya kujua dunia. Kwa mbwa, njia kubwa ni pua, kisha masikio. Anajua nani amepita hapa asubuhi, na kama amepita na ndagala ao na nyama. Ndevu zake za mudomo zinamuambia ukuta uko karibu. Lupango lote analo katika kichwa: mulango, jiko, muti wa embe, mahali pa maji. Ndiyo sababu mbwa anayepofuka polepole, kwa miezi ao kwa miaka, mara nyingi anazoea mbele hata bwana wake hajaona kitu. Mutu anagundua siku moja tu, wakati amehamisha mapipa, na mbwa akayagonga.

Yule aliyepofuka kwa gafula ndiye anateseka zaidi siku za mwanzo. Anatetemeka, anakaa kwa kona, hataki kula. Wengi wanamuua wiki ile ile. Lakini mbwa kama huyo, kama hana maumivu na kama watu wanamusaidia, anaanza kurudilia maisha yake kisha wiki chache, wengine kisha miezi miwili ao mitatu. Kumuhukumu wiki ya kwanza ni kama kuhukumu shamba la muhogo mwezi wa kwanza.

Anaona ao haoni?

Mbele ya kusema amepofuka, mumujaribu. Mukamate pamba kidogo, muiachilie ianguke mbele ya macho yake. Pamba haina harufu kubwa, haifanye kelele wala upepo. Mwenye kuona anaifuata kwa macho. Mwenye kupofuka hashituke. Kupunga mukono karibu ya uso haisaidie sana, kwa sababu mbwa anasikia upepo wa mukono na anafunga macho, na ninyi munazani ameona. Kisha muweke viti viwili na bido moja njiani, mahali hakuna kitu siku zote, mumuite kutoka upande mwengine. Mufanye hivyo muchana, mufanye tena jioni. Kuna mbwa wanaopoteza kwanza kuona kwa giza, na muchana bado wanaona.

Rangi pia inadanganya. Mbwa mzee karibu wote wanapata ukungu wa bluu ndani ya jicho. Huo ni uzee tu, na kwa kawaida anaendelea kuona. Weupe kama maziwa, ule ambao kwa hospitali wanaita katarakte, unafunga njia ya mwangaza kweli, lakini wenyewe mara nyingi hauumi. Jicho jekundu, lenye kuvimba, lenye kutoa machozi ao usaha, hilo ni jambo lengine kabisa.

Swali la kweli: anaumia?

Hapa tunaomba musome polepole. Watu wanachanganya maswali mawili. La kwanza: mbwa anaona? La pili: mbwa anaumia? Upofu peke yake si maumivu. Lakini kuna magonjwa ya macho yenye kuuma sana, na mbwa anaweza kuteseka nayo wakati jicho moja bado linaona vizuri.

Tulikutana na mama mumoja mwenye mbwa wa kulinda mbuzi. Jicho la kushoto lilikuwa limekuwa kubwa kuliko lengine, jekundu, na mbele yake ukungu. Mama alisema: "Hana shida, lile lengine linaona." Na sisi, kwa sababu tulikuwa tumejifunza kwa mbwa wa depo kama mbwa haitaji macho sana, tulinyamaza. Kosa la pili, upande mwengine. Mbwa alikuwa analala siku nzima, anasugua kichwa kwa udongo, amemuuma mutoto wa nyumba aliyemugusa kwa uso. Veterineri alipofika aliona ni glokoma: maji ndani ya jicho yanakosa kutoka vizuri, shindo linapanda, na jicho linauma usiku na muchana. Lile jicho halikuweza kuona tena. Veterineri alilitoa kwa operesheni. Mama aliogopa sana sura ya mbwa wake. Lakini kisha siku chache mbwa alirudia nyuma ya mbuzi, na mutoto akamugusa tena bila shida. Jicho lisiloona na lenye kuuma, kulitoa ni kumusaidia mbwa.

Alama za maumivu ni hizi: anafunga jicho moja, anakimbia jua, anasugua uso kwa muguu ao kwa ukuta, anakataa kuguswa kichwa, anaacha kula, analala kuliko kawaida. Mbwa halii sana kwa maumivu ya jicho. Ananyamaza. Kimya hicho ndicho kinatudanganya.

Musitie chumvi, tumbaku, maji ya pilipili wala majani ya kutafuna. Na muangalie matone ya farmasi: yale yenye kotizone yanapunguza wekundu haraka, lakini kama kuna kidonda kwa ngozi ya mbele ya jicho, yanakizidisha, mupaka jicho linaweza kutoboka. Nyoka wa kutema sumu akimupata mbwa kwa macho, ao utomvu mweupe wa ile miti tunayopanda kama lupango ukimuingia, dawa ya kwanza ni maji safi, mengi, palepale, dakika 15 ao zaidi. Vilevile kwa dawa ya kupulizia mashamba: mufunge mbwa mbali mbele ya kuanza kupuliza. Mahali penye inzi tsetse, mujue pia kama vimelea vya malale vinaweza kumupatia mbwa ukungu kwa macho pamoja na homa na kukonda. Huyo anaitaji dawa ya damu, si ya jicho.

Musichanganye na kichaa cha mbwa

Jambo hili linaweza kuua mutu. Mbwa mwenye kichaa, ule ugonjwa wengi wanaita raje, anaweza kuyumba na kugonga vitu kama kipofu. Lakini yeye sauti inabadilika, mate yanatoka, anashindwa kumeza, taya linaanguka, anauma hata fimbo na mawe, ao anaingia kwa giza na hamujui bwana wake. Mbwa wa hivyo musimuguse, musimufungue kinywa kutafuta mufupa. Mumufungie, muite veterineri. Akimuuma mutu, muoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha siku ileile muende kwa kituo cha afya kutafuta chanjo. Alama za raje zikisha kutokea kwa mutu, karibu hakuna anayepona.

Na kinyume chake kinatokea: kipofu wa kawaida, mutoto akimukanyaga wakati analala, anauma kwa kushituka. Watu wanapiga kelele "raje!" na wanamuua kwa mawe. Kama yuko muzima, ale vizuri na anamujua bwana wake, mumufunge na kumuchunguza siku 10. Aliyeumwa asingoje siku hizo, aende kwa kituo leo. Mwenye mbwa kipofu, kadi ya chanjo ya kila mwaka ikuwe yenu ya kwanza kabisa. Itamukinga mbwa na itawakinga ninyi mbele ya majirani.

Kumupangia maisha

Chakula na maji vikae mahali pamoja, siku zote. Vyombo musivihamishe bila sababu. Mukivihamisha, mumuzungushe kwa kamba mara mbili tatu, polepole, pua yake ijifunze. Mbele ya kumugusa, mumuite jina. Mufundishe watoto hivyo hivyo, kwa sababu meno yanafuata kushituka. Neno moja la kumusimamisha, "simama" ao lengine, litamuokoa kwa barabara.

Hatari kubwa kwetu si ukuta, ni mashimo: la kompositi, la kuloweka muhogo, la kufyatua matofali, la choo kisichoisha. Yule mbwa wa depo alianguka mara moja, kwa shimo la kompositi ambalo sisi wenyewe tulishauri lichimbwe. Tangu pale tunasema shimo likuwe na fito kandokando, na hiyo inasaidia pia mutoto na mbuzi.

Wawindaji wa msitu wetu wa Kongo wana mbwa wasiobweka kama wengine, na toka zamani wanawafunga kengele ya muti kwa shingo ili wajue wako wapi. Kwa kipofu tunageuza akili hiyo: kengele inafungwa kwa mbwa mwenzake anayeona, ao kwa mbuzi wa kwanza wa kundi, na kipofu anafuata sauti. Inafanya kazi kama wale wawili wanapatana. Kama wanapigana kwa chakula, musilazimishe.

Kazi pia ibadilike. Kuwinda, kukimbiza nguruwe wa pori, kufuata piki-piki, hiyo imekwisha. Kulinda usiku ndani ya lupango lililofungwa, hiyo anaweza. Mbwa aliyepofuka akiwa kijana, bila ajali wala ugonjwa munaojua, musimuzalishe, kwa sababu upofu mwengine unapita kwa damu kutoka kwa wazazi.

Uamuzi ni wa mwenye mbwa

Hatusemi kila mbwa kipofu aishi. Kuna nyumba isiyo na lupango, pembeni ya barabara kubwa. Kuna familia iliyokimbia vita na inabeba watoto. Kuna mbwa mwenye maumivu yasiyopata dawa, ao mwenye kukaa kwa kona miezi mitatu bila kutikisa mukia. Kwa hao, kumaliza mateso si ubaya, na hatumuhukumu mwenye kuchagua hivyo. Unaweza pia kumupa jamaa mwenye lupango nzuri, lakini umupeleke mwenyewe, na ukae naye siku ya kwanza. Kumuachilia kwa soko ao kwa barabara ni kumuua polepole kwa mikono ya wengine.

Na musitumie nyama yenye dawa ya wadudu. Mbwa anakufa kwa mateso, na kile alichobakisha ao alichotapika kinaua kuku, paka, na kinaweza kuua mutoto. Muongee na veterineri. Kama bei ya safari yake ni kubwa kwa mutu mumoja, kikundi kimuite siku ya chanjo ya mbwa wote, na kazi hiyo ifanyike siku hiyo.

Kwa kuchagua, mwenye mbwa aweke alama kwa kalenda ya nyumba kila jioni kwa siku 30: alikula? alitembea mwenyewe? alikuja alipoitwa? alionyesha maumivu? Kisha siku 30, watu wa nyumba waangalie kalenda pamoja, na yule anayemupatia chakula aseme wa kwanza.

Mbele ya mukutano ujao, kila kikundi kizunguke depo na malupango ya wanamemba, kiandike mashimo yaliyo wazi na hesabu ya mbwa wasio na kadi ya chanjo. Mutuletee hesabu hiyo, tupange na veterineri siku ya kufika.