Ndugu Yako Akikamatwa, Anza na Daftari

Agosti 1996, Mahakama Kuu iliyoketi Tabora iliamuru wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu, Kahama, wasibughudhiwe. Wakaondolewa hivyo hivyo, na maduara yakafukiwa. Ilidaiwa kuwa zaidi ya watu hamsini walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni ya mgodi zikakana. Wanasheria wa LEAT, shirika la wanasheria wa mazingira, walianza kukusanya majina na hati za viapo miaka ikiwa imeshakwenda na wachimbaji wametawanyika. Novemba 2001 polisi wakapekua ofisi zao, na baadaye Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu wakashtakiwa kwa uchochezi. Idadi ya waliokufa, kama walikufa, inabishaniwa hadi leo.

Kwa hiyo mtu akichukuliwa, iwe Kakola, Geita mjini au kwenye mwalo wa kuchenjulia, andika siku hiyo hiyo: saa, mahali, namba ya gari, nguo alizovaa, maneno waliyosema waliomchukua, na kituo walichotaja. Ukurasa mmoja uwe wa uliyoyaona, mwingine wa uliyoambiwa, na aliyekuambia. Taja ni nani waliokamata: polisi, mgambo, walinzi wa mgodi au sungusungu. Raia akimkamata mtu anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hana mamlaka ya kumfungia kwenye stoo.

Nendeni kituoni wawili, asiende mtu peke yake. Ulizeni anatuhumiwa kosa gani, na ombeni kumwona. Sheria inampa haki ya kuwasiliana na ndugu na wakili. Kwa makosa mengi afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana. Mauaji na makosa mengine mazito yana utaratibu wake. Dhamana ya polisi hailipiwi, hata mtu akikunong'oneza bei. Akitoka na majeraha, ombeni fomu ya polisi, PF3, kabla ya kwenda hospitali, na mpige picha kabla vidonda havijapona.

Kituo kikisema hakina mtu huyo, andika jina la aliyekujibu na saa, kisha zunguka vituo vingine. Asipoonekana, wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake. Mwaka 1996 hilo lilikuwa safari ya Tabora. Leo Mahakama Kuu ipo Shinyanga. Kama huna hela ya wakili, ofisi ya ustawi au maendeleo ya jamii wilayani ikuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, na mtandao wa watetezi wa haki za binadamu, THRDC, nao hupokea kesi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora haitozi kitu kupokea malalamiko, na ina tawi Mwanza.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko Arusha, lakini tangu mwishoni mwa 2020 mwananchi hawezi kuishtaki Tanzania huko moja kwa moja. Tume ya Afrika, Banjul, bado inapokea, baada ya njia za mahakama za nyumbani kumalizika. Msikate tamaa mapema mno: watuhumiwa walipofia mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga na Mwanza, hata Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, aliwajibika na kujiuzulu mwaka 1977.

Simu isiwe ghala lako pekee. Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima. Aliyetegemea kutuma baadaye alibaki na simu inayoweza kunyang'anywa. Nakala ya pili ipelekwe kwa mtu wa mkoa mwingine. Picha usiikate wala kuipaka maandishi. Ikipita kwenye magrupu ya WhatsApp hupoteza taarifa za lini ilipigwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 humbana anayesambaza yanayodaiwa kuwa ya uongo. Mpe wakili ile ya asili.

Shahidi anayeogopa mwandike kwa namba. Jina lake liwe kwenye karatasi nyingine, isiyolala nyumba moja na daftari.