SOMO: LIKIZO YA JUNI NA FAMILIA

Mwezi Juni shule hufungwa, na mavuno yako nyumbani. Tuchukue mfano wa familia ya Magu. Wafanye nini pamoja?

Kwanza, matembezi. Waende Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Wakati wa Bulabo, Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma. Mshindi ni yule anayevuta watu wengi.

Pili, wakamsalimie bibi. Wasikae kama wageni. Baba na vijana waezeke choo chake. Mama, mhitimu wa kisomo, achukue daftari aandike majina ya mababu. Jamani, bibi ndiye peke yake anayeyajua! Akiondoka kabla hatujaandika, tutamwuliza nani?

Tatu, msaragambo. Wote wasombe mawe ya darasa la kijiji, hata watoto, kila mtu kwa nguvu zake. Mtoto hujifunza kujitolea kwa kumwona mzazi akijitolea.

Maswali:
1. Unajua majina ya mababu zako wangapi? Yaandike.
2. Nani katika ukoo wenu anajua zaidi? Mwendee mwezi huu huu.